Mwaka Mmoja wa Nyambizi I-27

Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1944, mchana, meli ya Khedive Ismail ilipigwa na torpedo mbili katika Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo ya Ikweta, karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Ilikuwa imebeba watu 1,511, na waliokufa ni 1,297. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, watu 996, yaani maofisa Waingereza na askari wao Waafrika, waliopanda meli hiyo Kilindini wakipelekwa Ceylon, nchi ambayo leo tunaiita Sri Lanka.

Habari hii sikuipata darasani. Sisi tuliosoma Uganda tulifundishwa Vita Kuu ya Pili kwa mpangilio ule ule: sababu za vita, mwendo wa vita, matokeo ya vita. Katika matokeo palikuwa na mstari mmoja kwamba askari Waafrika walirudi kutoka Burma wakiwa wamefumbuka macho, wakaanza kudai uhuru. Wasiorudi hawakuwa na mstari. Niliwakuta Nairobi, nilipokwenda kumtembelea shangazi yangu, nikaingia siku moja katika makaburi ya vita yaliyo karibu na barabara ya Ngong. Pale pana Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wenye majina ya askari ambao kaburi lao halijulikani. Wamo waliokufa katika mapigano ya kuelekea kusini mwa Ethiopia, wamo waliokufa Madagaska, na wamo wapiga mizinga waliozama na Khedive Ismail. Sikuwa nimewahi kulisikia jina la meli hiyo. Nilidhani ni jina la mtu.

Maelezo yote niliyoweza kuyasoma baada ya hapo yanaanza Mombasa. Meli inang'oa nanga, askari wanajaa sitahani, siku zinapita, kisha ghafla mlipuko. Nyambizi inaingia katika hadithi kwa dakika mbili, kama radi, na radi haiulizwi ilikotoka. Mimi nilitaka kuuliza. Nyambizi hiyo, I-27 ya Japani, ilikuwa na kamanda, ilikuwa na bandari yake, na kabla ya siku ile ilikuwa imefanya kazi mwaka mzima katika bahari hii yetu. Nilipoupanga mwaka huo kwenye karatasi, mwezi kwa mwezi, niliacha kuamini kwamba kilichotokea Februari kilikuwa bahati mbaya tu.

I-27 ilikamilishwa Sasebo, Japani, Februari 1942. Miezi yake ya mwanzo haikuwa upande wetu wa dunia. Mwisho wa Mei mwaka huo ilikuwa nje ya bandari ya Sydney, Australia, pamoja na wenzake, na kutoka mgongoni mwake ikateremshwa nyambizi ndogo ya watu wawili iliyojaribu kuingia bandarini, ikanasa katika wavu, na waliokuwemo wakajilipua. Siku chache baadaye I-27 ilizamisha meli ya Iron Crown, iliyokuwa imebeba madini ya manganizi, na watu 38 wakafa. Kisha, mapema mwaka 1943, ikapewa kamanda mpya, Fukumura Toshiaki. Mwaka ninaouzungumzia ni wake, kuanzia siku alipoichukua hadi Februari iliyofuata.

Lazima nieleze kidogo chombo chenyewe, maana mwisho wa hadithi hauwezi kueleweka bila hilo. Nyambizi za aina yake, ambayo Wajapani waliiita B1, zilikuwa kubwa. Urefu wake ulikaribia mita 109, yaani kuzidi uwanja wa mpira, na ndani waliishi watu wapatao 100. Ilikuwa na matundu sita ya torpedo upande wa mbele, mzinga sitahani, na hata banda la ndege moja ndogo ya kutua majini. Juu ya maji iliendeshwa na injini za dizeli na ingeweza kukimbia kilomita 43 kwa saa, kasi iliyozishinda meli za mizigo za wakati huo. Kwa mafuta yake ingeweza kusafiri zaidi ya kilomita 25,000 bila kuongezwa. Lakini chini ya maji ilikuwa mnyama mwingine kabisa. Huko ilitumia betri, kasi ikashuka hadi kilomita 15 kwa saa, tena kwa muda mfupi tu, na hewa ilikuwa ile ile waliyoshuka nayo. Tunapofikiria nyambizi tunafikiria kitu kinachoishi chini ya bahari. Za zamani zile zilikuwa meli za juu zilizojua kuzama kwa muda, kama mtu anayejua kuzuia pumzi. Kinachowindwa huwa kinasubiri pumzi hiyo iishe.

Torpedo zake nazo zilikuwa za hali ya juu. Ziliendeshwa kwa oksijeni, kwa hiyo hazikuacha mkia mkubwa wa mapovu, na aliyelengwa alikuwa na nafasi ndogo ya kuziona zikija.

Kambi yake ilikuwa kisiwa cha Penang, Malaya, ambacho Wajapani walikuwa wamewanyang'anya Waingereza. Kutoka Penang nyambizi ilivuka bahari nzima kuelekea magharibi, ikakaa wiki kadhaa kusini mwa Arabuni au mdomoni mwa Ghuba, kisha ikarudi kutengenezwa na kupakia torpedo nyingine. Ukitazama ramani utaona kwa nini walikwenda huko. Mafuta ya Waingereza yalitoka Abadan. Shehena za Marekani kwa ajili ya Warusi ziliteremshwa katika bandari za Iran. Na kila kilichokwenda Misri au India kwa njia ya Aden kilipita humo humo. Meli zilikuwa nyingi, bahari ni pana, na walinzi walikuwa wachache.

Windo la kwanza la Fukumura ninaloweza kulitaja ni Fort Mumford, tarehe 20 Machi 1943, katika Bahari ya Arabuni. Ilikuwa meli mpya iliyojengwa Kanada, ikisafiri peke yake kwenda Aden. Watu wote waliokuwemo walikufa isipokuwa mmoja. Huyo mmoja aliokotwa na jahazi. Nimelifikiria sana jahazi hilo. Machi kaskazi bado inavuma, na njia za majahazi kati ya Uhindi, Arabuni na pwani yetu zilikuwa na wasafiri wake kama ilivyokuwa kabla ya vita na kabla ya Wazungu wenyewe. Nyambizi ya tani zaidi ya 2,500 imepita chini, meli ya chuma imekwenda chini, na aliyefika kumtoa mtu majini ni nahodha wa chombo cha mbao na tanga. Laiti jahazi hilo lisingepita, tusingekuwa na shahidi hata mmoja wa siku ile.

Mei ilizama Berakit, meli ya Waholanzi. Mwanzoni mwa Juni ikazama Montanan, ya Wamarekani. Tarehe 28 Juni I-27 ilifika Muscat yenyewe na kuizamisha meli ndogo ya mizigo, Dah Pu, pale pale bandarini. Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa Muscat ni wapi. Ndiko walikotoka masultani wa Unguja, na ngome mbili za Wareno, Jalali na Mirani, bado zinailinda bandari hiyo huku na huku, ingawa mizinga yake ya kale haina la kufanya na kitu kinachokuja kutoka chini. Oman haikuwa uwanja wa vita. Hata hivyo vita viliingia mpaka bandarini kwake. Wiki moja baadaye meli ya Marekani, Alcoa Prospector, iliharibiwa katika Ghuba ya Oman ingawa ilikuwa katika msafara.

Baada ya Larchbank, iliyozama Septemba, safari kali kuliko zote ilikuwa ya Novemba na Desemba katika Ghuba ya Aden na jirani yake. Kuanzia tarehe 10 Novemba hadi siku za mwanzo za Desemba, Fukumura alizamisha meli nne: Sambo, Sambridge, Athina Livanos na Nitsa. Mbili za kwanza zilikuwa meli mpya kabisa, za aina ya Liberty ambazo Wamarekani walizijenga kwa haraka kuliko maadui walivyoweza kuzizamisha. Mbili za mwisho zilikuwa za Wagiriki. Ofisa mmoja wa Sambridge alichukuliwa mateka akapelekwa Penang. Ya tano, Fort Camosun, ilipigwa lakini haikuzama. Meli hii ilikuwa imeshapigwa na nyambizi nyingine ya Japani mwaka 1942, upande wa pili wa dunia, karibu na pwani ya magharibi ya Marekani, na siku hiyo pia haikuzama. Kuna meli zilizoumbwa kwa ukaidi.

Sasa mtu atauliza, kama ninavyojiuliza mimi: meli tano katika muda usiofika mwezi mmoja, katika ghuba inayojulikana, na bado waliendelea kupita peke yao? Jibu haliko Aden. Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon kwa ndege na kuzamisha manowari kadhaa za Uingereza. Kundi la manowari lililokuwa huko, chini ya Admirali Somerville, likarudishwa nyuma hadi Kilindini. Mombasa ikawa makao makuu ya Waingereza katika bahari nzima ya Hindi. Hata shule ya Allidina Visram ilichukuliwa, na ndani ya madarasa yake wataalamu wakakaa kusikiliza redio za Wajapani na kuvunja misimbo yao. Lakini mwaka 1943 vita vya Mediterania vilipamba moto. Sicily ilishambuliwa Julai, kisha Italia bara, na manowari za kusindikiza zilivutwa huko moja baada ya moja. Bahari ya Hindi ilibaki na masalio. Aliyepanga hivyo hakuwa mjinga. Alikuwa na blanketi moja fupi, na aliamua miguu ndiyo ipigwe na baridi. Miguu ilikuwa sisi.

Nimesema sisi, na najua neno hilo lina shida, kwa sababu mabaharia wa meli nilizozitaja hawakuwa Waafrika wa Mashariki. Lakini Februari ilikuwa inakuja.

Mwanzoni mwa Februari 1944, karibu wakati mmoja, vyombo viwili viliondoka kila kimoja upande wake wa bahari. I-27 ilitoka Penang kuelekea magharibi. Kutoka Kilindini uliondoka msafara uliopewa alama KR 8 kuelekea mashariki: meli tano za abiria zilizojaa askari, yaani Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Mlinzi mkuu alikuwa Hawkins, manowari kubwa iliyojengwa kwa fikra za Vita Kuu ya Kwanza. Haikuwa na msaada mwingi dhidi ya nyambizi, na kwa kweli yenyewe ilihitaji kulindwa. Mwishoni mwa safari walinzi wenye uwezo wa kuwinda nyambizi walikuwa wawili, manowari mbili za kasi, Petard na Paladin. Mbili kwa meli tano na maelfu ya watu.

Khedive Ismail haikuwa meli mbaya. Ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikiitwa Aconcagua, kisha ikauzwa Misri na kupewa jina la yule mtawala aliyeufungua Mfereji wa Suez. Vita vilipoanza Waingereza waliichukua kubebea askari. Katika safari hii, mbali na kikosi cha mizinga, walikuwemo watu 271 wa jeshi la majini la Uingereza na wanawake 83, wengi wao wauguzi. Alikuwemo pia mwandishi wa habari za vita, Kenneth Gandar-Dower, mtu wa ajabu ambaye mwaka 1937 aliwapeleka duma kutoka Kenya hadi Uingereza ili washindanishwe mbio katika viwanja vya mbwa. Duma hawakupendezwa na shughuli hiyo. Baadaye alikuwa ameandika juu ya vita vya askari wa Afrika Mashariki kwa uangalifu kuliko wenzake wengi, na ni hasara kwamba safari hii hakupata kuiandika.

Wale askari wa mizinga hawakuacha maandishi. Tunajua walikokuwa wanakwenda: Ceylon palikusanywa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye mwaka ule ule iliingia Burma. Tunajua pia lugha yao. Jeshi lilichukua watu wa makabila mengi na kuwaamrisha kwa Kiswahili, Kiswahili chake chenyewe kilichoitwa KiKAR, kifupi cha sarufi na kirefu cha amri. Watu ambao nyumbani wasingeelewana walijifunza kuhesabu mizinga na kutaja vipimo kwa lugha hii ninayoiandika. Mwalimu wetu wa Kiswahili hupenda kusema kwamba Kiswahili kilienea Uganda kwa biashara na kwa bunduki, na wanafunzi hucheka. Mimi tangu siku ile Nairobi sicheki sana.

Kuhusu shambulio lenyewe nitakuwa mfupi, kwa sababu lenyewe lilikuwa fupi. Fukumura aliuweka msafara mbele yake na kufyatua torpedo nne. Mbili zilipiga Khedive Ismail, moja penye injini na nyingine penye matangi ya mvuke. Meli ilivunjika na kwenda chini. Wengi waliokuwa ndani hawakupata muda wa kupanda ngazi. Meli nne zilizobaki zilitawanyika kwa kasi, kama amri inavyotaka. Waliobaki majini walibaki na Petard na Paladin.

Paladin ilianza kuteremsha mashua kuwaokoa. Petard ilianza kuwinda. Na hapa ndipo penye jambo ambalo limenikosesha raha tangu nilipolisoma. Chombo cha kusikilizia mwangwi kiliionyesha I-27 iko chini, na juu yake, katika maji yale yale, walikuwa watu wanaoelea. Silaha ya kuipiga nyambizi iliyozama ilikuwa mapipa ya baruti yanayotupwa majini ili yalipuke kwa kina kilichopangwa, na mlipuko wa namna hiyo unamuua mtu anayeelea hata akiwa mbali kidogo. Nahodha wa Petard, Rupert Egan, aliyatupa. Alipita mara tatu. Katika mara ya tatu I-27 iliibuka.

Vita havikuisha hapo. Mizinga ya manowari zote mbili iliipiga nyambizi ile bila kuizamisha, kwa kuwa ilikuwa na ngozi ngumu. Paladin ikaenda kuigonga kwa omo, ikaonywa iache, ikageuka kwa kuchelewa, na pezi la nyambizi likaipasua ubavu. Ndipo Petard ikaanza kutumia torpedo zake yenyewe. Sita hazikupata. Ya saba ndiyo iliyoimaliza. Tangu shambulio la kwanza zilikuwa zimepita takriban saa mbili na nusu. Mabaharia wa I-27, karibu wote, walikwenda nayo pamoja na Fukumura na daftari zake. Kwa sababu hiyo hatutajua alikusudia nini alipokaa chini ya wale watu. Waandishi wengi wanasema alijificha chini yao kwa makusudi. Inawezekana. Inawezekana pia alikuwa anapita chini ya mahali alipopapiga tu, akizuia pumzi.

Petard ilikuwa manowari mashuhuri kabla ya siku hiyo. Oktoba 1942 watu wake waliingia ndani ya nyambizi ya Wajerumani iliyokuwa inazama na kutoa vitabu vya misimbo vilivyosaidia kuvunja Enigma, na wawili wakafa humo. Desemba ya mwaka huo ilishiriki kuizamisha nyambizi ya Waitaliano, Uarsciek, jina lililotokana na mji wa Warsheikh, pwani ya Somalia. I-27 ilikamilisha hesabu: nyambizi moja ya Ujerumani, moja ya Italia na moja ya Japani. Vitabu vya kijeshi hupenda kulitaja jambo hilo, na ni sifa ya kweli. Ila ukiisoma sifa hiyo ukijua jinsi ya tatu ilivyopatikana, haishuki kooni vizuri.

Nilipoiwasilisha habari hii darasani, rafiki yangu mmoja alisema bila kusita kwamba Egan aliua watu aliotumwa kuwalinda, na kwamba kama wote waliokuwa majini wangekuwa Wazungu asingethubutu. Sehemu ya pili ya hoja yake si sahihi, na nilimwambia. Majini walikuwemo mabaharia Waingereza na wanawake Waingereza. Wanawake 77 kati ya 83 walikufa siku hiyo, na katika vita vile vyote hapakuwa na siku nyingine iliyoua wanawake wengi hivyo wa majeshi ya Jumuiya ya Madola. Maji hayakuchagua, wala mapipa hayakuchagua. Sehemu ya kwanza ni ngumu zaidi. Kama Petard ingesimama kuokoa, nyambizi yenye torpedo kumi na kitu bado tumboni ingeweza kuipiga hiyo Petard, kisha Paladin, kisha usiku ikaibuka na kuzifukuza meli nne za askari kwa kasi ambayo zisingeikimbia. Nimeihesabu hesabu hiyo mara nyingi na kila mara inampa Egan haki. Na kila mara ninapomaliza kuihesabu namfikiria mtu mmoja majini, amemeza mafuta, anaiona meli ya kwao inakuja moja kwa moja, anainua mkono.

Hatimaye nilimjibu rafiki yangu kwamba tunabishana juu ya mtu asiye sahihi. Egan alipewa uchaguzi huo akiwa na manowari mbili. Kama zingekuwa tano, mbili zingewinda na nyingine zingeokoa na kulinda. Idadi ya manowari haikuamuliwa siku ile mchana. Iliamuliwa mwaka mzima uliotangulia, na I-27 ilikuwa imeandika barua za onyo mara kwa mara: Fort Mumford, Dah Pu, Sambridge, Nitsa. Kila aliyekuwa na ramani na penseli angeona kwamba nyambizi za Penang zinafika popote kati ya Maldivi na Aden, na kwamba zina hamu ya kurudi. Kundi kubwa la manowari lilikuwa linajengwa upya Ceylon wakati huo huo, na bado askari wa Afrika Mashariki walivushwa na walinzi wawili. Rafiki yangu aliniuliza: je, kikosi cha Uingereza kingevushwa hivyo? Sikumjibu, kwa sababu mwaka huo watu wa kila rangi walivushwa vibaya katika bahari nyingi. Lakini swali lake sikulifuta kwenye daftari.

Kuhusu Fukumura, nadhani alikosea kwa kipimo chake mwenyewe. Mwaka mzima alikuwa amefaulu zaidi kwa kuwinda zilizotengwa, meli za mizigo zisizo na msindikizaji, na hiyo ilimweka miongoni mwa makamanda wa Japani waliozamisha meli nyingi zaidi za biashara. Msafara wa askari ulikuwa windo kubwa kuliko yote, na ulikuwa na meno. Alipata shabaha, akawapoteza watu wake karibu 100 kabla ya jua kuchwa.

Petard iliikokota Paladin iliyopasuka hadi kisiwa cha Addu, Maldivi. Meli nne nyingine zilifika Colombo. Waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake sita.

Desemba iliyopita nilirudi Nairobi, na safari hii nilimchukua binamu yangu, mtoto wa yule shangazi, anayesoma kidato cha tatu. Nilitaka tuyanakili majina ya wapiga mizinga wote wenye tarehe za Februari 1944. Yeye alikuwa anasoma kwa sauti, mimi ninaandika. Mengine aliyasoma vizuri kwa sababu ni ya kwao, mengine niliyasoma mimi kwa sababu yanafanana na ya kwetu, na mengine sote wawili tuliyakosea, tukarudia herufi moja moja. Tulikuwa hatujafika nusu mlinzi alipokuja kutuambia kwamba saa ya kufunga imefika. Binamu yangu aliweka alama ya penseli kwenye daftari langu, pale tulipoishia.